GARI SI MLEZI WA MTOTO



Msimu wa wageni unakaribia. Kila Desemba ndugu zetu wa Dar es Salaam, Tanga na Moshi wanapandisha na magari, na barabara ya kutoka Makanya inajaa vumbi. Tunafurahi. Wanaleta sukari, nguo za watoto na habari za mjini. Lakini lipo jambo ambalo sisi wa Tawi tumeliona mara nyingi, nalo halifai kunyamaziwa. Watoto wadogo wanaachwa ndani ya magari yaliyoegeshwa, milango imefungwa, vioo vimepandishwa, na wazazi wako msibani, harusini, au wako gulioni Makanya wanapatana bei ya mahindi.

Ukiuliza unajibiwa, "Kalala huyo, msimwamshe." Au, "Natoka dakika tano tu." Jamani, dakika tano za msibani tunazijua sote. Unafika, unasalimia wazee mmoja mmoja, unapewa kiti, unaeleza safari ilivyokuwa. Ukija kushtuka imeshapita saa nzima.

Sasa tueleze gari linafanya nini likikaa juani. Jua linapita kwenye vioo, linachoma viti na vyuma vya ndani, na joto lile halipati pa kutokea. Katika dakika 10 tu linaweza kupanda digrii 10 na zaidi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. Na mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mwili wake hupata joto upesi mara tatu mpaka tano kuliko wetu. Mwili ukifika digrii 40 ni hatari kubwa, na ukizidi hapo kidogo tu mtoto anakufa.

Mzee mmoja alitupinga barazani. Alisema hayo ni ya Makanya na Same, huku kwetu Suji ni baridi, mtoto atakufaje kwa joto mahali ambapo watu wanavaa masweta? Swali lake ni zuri, wala hatumcheki. Jibu ni kwamba wataalamu wa Marekani walipima wakachapisha mwaka 2005: siku ambayo nje ni digrii 22 tu, yaani siku ya kawaida kabisa ya milimani, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika digrii 47 kwa saa moja. Kwa hiyo baridi ya nje isitudanganye. Jua likiwaka, gari linapika.

Huko huko Marekani, tangu mwaka 1998 wamekufa watoto zaidi ya 900 kwa namna hii. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa tu. Wala si kwamba wazazi wote walikuwa walevi au wakorofi. Ni watu waliochoka, wenye mawazo mengi, na mtoto amelala kimya kiti cha nyuma. Kwani sisi hatuchoki? Mtu aliyeendesha kutoka Dar es Salaam usiku kucha anasahau hata jina la shemeji yake. Basi dereva aweke simu yake au kofia yake nyuma, pale alipo mtoto, ili asishuke bila kugeuka.

Wengine huingia wenyewe. Mwaka 2020 huko Athi River, nchi jirani ya Kenya, watoto wawili wadogo waliokuwa wametoweka kwao walikutwa wamekufa ndani ya gari lililoegeshwa uani mwa kituo cha polisi. Hapa kijijini mtu asiseme hana gari kwa hiyo hayamhusu. Yapo magari mabovu yamekaa juu ya mawe miaka mingi, na watoto wetu wameyafanya uwanja wa kujificha. Mlango wa gari bovu hufunguka kwa nje ukagoma kwa ndani. Wenye magari hayo wayafunge kwa kufuli au wang'oe milango.

Halafu kuna miteremko yetu. Suji hakuna pa tambarare pa kuegesha. Mtoto akichezea breki ya mkono, gari linaondoka naye.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi anapoondoka kwa muda mtoto abaki na mtu anayeweza kumtunza. Gari si mtu.

Vijana wametuuliza: tukikuta mtoto amelegea ndani na mwenye gari haonekani, tufanyeje, na kioo nani atalipa? Jaribuni milango yote, pigeni kelele. Msipopata jibu mara moja, vunjeni kioo kilicho mbali na mtoto. Mtoeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji ya kawaida na kumpepea, mkimbizeni zahanati. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kuhusu kioo, maoni yetu ni kwamba mwenye gari ajilipie mwenyewe, hata akiwa mtu mkubwa mjini, na jambo hili tutalipeleka mkutano mkuu wa kijiji. Tumechoka na heshima hii ya kuogopa gari la mgeni wakati mtoto ni wetu.

Tena tusilaumu tu bila kutoa nafasi. Ghala la ushirika lina baraza yenye kivuli. Tunapendekeza siku za harusi na misiba akina mama wawili wakae pale kwa zamu, watoto wa wageni walale hapo. Mikeka iliyopo haitoshi. Mwenye mkeka wa ziada aulete kwa mtunza ghala kabla ya tarehe 15 Desemba.

Katibu wa Tawi