KONA YA MWALIMU: Maharage na daftari la mahudhurio

Mwezi huu hatuongei habari ya mitihani, tunaongea habari ya maharage. Msicheke, someni kwanza.

Sisi walimu wa kujitolea tukifungua daftari la mahudhurio tunaona wasichana wale wale wanakosa masomo, na ukiuliza jibu ni moja: "Mwalimu, nilitumwa kuni." Wavulana hawatoi jibu hilo hata siku moja. Tulipotembelea nyumba mojawapo tukakuta maharage yako motoni tangu asubuhi, juu ya mafiga matatu, sufuria wazi. Jiko la udongo, lile linalokula kuni kidogo, liko pembeni, ndani wameweka viazi. Nyanya wa pale akatuambia kwamba maharage ya kuloweka ni ya mwanamke mvivu, tena chakula bila moshi hakina ladha.

Hatukubisha, sababu kwetu pia ni hivyo hivyo. Mama alifundishwa na mama yake kule Fizi, na kule kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Nani angezihesabu? Lakini kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na watu wote hawa wanapika kila siku. Desturi tulikuja nayo, msitu tuliuacha.

Basi tukajaribu nyumbani, mama akituangalia amekunja mikono. Tuliloweka jioni. Asubuhi tukamwaga yale maji, tukaweka mengine, tukafunika sufuria. Yaacheni yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, na tumbo litawasumbua vibaya. Baada ya hapo punguzeni kuni. Hapa ndipo wengi tunapokosea: maji yakishachemka hayazidi kupata moto hata uchochee namna gani, unachoma kuni bure. Yaliiva kabla ya saa sita mchana, na karibu nusu ya kuni ikabaki. Mama akaonja, akasema chumvi kidogo. Kwa mama yetu hiyo ni sifa.

Shida kubwa ilikuwa mdogo wetu wa kiume, miaka 14. Alikataa kubeba bidoni ya maji, eti wenzake watamcheka. Wakamcheka kweli, siku mbili tatu. Sasa baadhi yao wanakutana naye bombani.

Tena msifikiri mambo haya yanaisha mtu akipata umeme. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanatusimulia kwa simu: mashine ya kufulia iko ndani ya nyumba, lakini mama anafua kwa mkono kwenye bafu, na binti ndiye anayekamua nguo kabla ya shule. Anasema mashine haisuguli kola. Labda ni kweli, lakini binti anachelewa.

Turudi kwa yule nyanya. Hajakubali bado. Viazi vimetolewa kwenye jiko, hilo tumeliona kwa macho. Mjukuu wake alikuja darasani Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi hakuja. Tutapita tena wiki hii, na safari hii tutaomba kuongea na kaka zake.

Mwezi ujao: nani anaosha vyombo?