Kamera zinazopima wastani wa mwendo: madereva wanasemaje, na wewe unanufaika vipi?

Kama unaendesha gari Tanzania, tochi unaijua. Dereva anayetoka mbele anakuwashia taa mara mbili, unapunguza mwendo, unampita askari wa trafiki kwa adabu zote, halafu unakanyaga mafuta tena. Kamera ya kawaida iliyosimikwa kwenye nguzo ina udhaifu uleule: inakuona mahali pamoja tu. Madereva wa Uingereza, ambao wamekuwa na kamera hizo kwa miaka mingi, hufunga breki ghafla mita chache kabla ya nguzo na kuongeza mwendo mara wakishaipita.

Kamera za wastani hufanya kazi tofauti. Ya kwanza inasoma namba ya gari lako na saa uliyopita. Nyingine, kilomita kadhaa mbele, inaisoma tena. Kompyuta inagawa umbali kwa muda uliotumia, basi. Ukipunguza mwendo mbele ya nguzo peke yake hupati chochote, kwa sababu kinachopimwa ni safari yako kati ya nguzo na nguzo.

Kwa nini suala hili liwe la afya?

Kwa sababu ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mwendo unaingia hapo moja kwa moja. WHO inakadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali inayoua huongezeka kwa asilimia 4.

Chukua mfano wa gari linalotoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya mgongano imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari likisimama ghafla, nguvu hiyo haipotei: inaishia kwenye mwili. Mkanda unakizuia kifua, lakini ubongo unaendelea kwenda mbele na kugonga fuvu, na viungo laini kama ini na wengu vinaweza kuchanika na kuvuja damu ndani bila jeraha lolote kuonekana nje. Kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari ni mbaya zaidi: gari likitoka kilomita 50 kwenda 65 kwa saa, hatari yake ya kufa inakuwa mara nne na nusu.

Na ule muda unaookoa? Katika kilomita 10, dereva wa 100 anamtangulia yule wa 80 kwa dakika moja na nusu.

Madereva wenyewe wanasemaje?

Ungetarajia wazichukie kamera za wastani zaidi, maana haziwapi nafasi ya kupumua. Lakini RAC, kampuni ya huduma kwa wenye magari nchini Uingereza, ilipowauliza madereva mwaka 2018, karibu wanane kati ya kumi walisema zinafaa kuliko zile za sehemu moja. Sababu mojawapo ni haki. Kamera ya sehemu moja inaweza kukunasa katika sekunde tano ulizokuwa unalipita lori. Ya wastani inakupa nafasi ya kujirekebisha, na anayenaswa ni yule aliyekimbia muda mrefu.

Manung'uniko yapo. Wapo wanaosema wanakodolea macho kipima mwendo badala ya barabara, na wengine huona usingizi magari yote yakienda mwendo mmoja. Hayo si ya kubeza; uchovu nao unaua. Lipo pia lile la zamani, kwamba kamera ni mradi wa kukusanya fedha. Hilo lilikuwa na chembe ya ukweli: hadi mwaka 2007 sehemu ya faini ilirudi kulipia kamera zenyewe, ndipo utaratibu huo ukaachwa. Serikali yoyote inayofikiria kufunga kamera ingefaa iliangalie hilo mapema, kwa kuwa dereva anayeamini anakamuliwa hutafuta njia ya kukwepa.

Je, zinaokoa maisha?

Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na RAC Foundation uliangalia barabara za Uingereza zilizowekewa kamera hizi na kukuta ajali za vifo na majeruhi mahututi zimepungua kwa takriban asilimia 36. Kilichonifanya niuamini ni hesabu yake. Kamera hufungwa mahali palipotoka kuwa na ajali nyingi, na mahali hapo huenda pangetulia hata bila kamera. Watafiti waliliondoa hilo kwanza.

Hata hivyo, usizipe kamera kazi isiyo yao. Barabara ya A9 huko Scotland ilifungwa kamera hizi mwaka 2014 kutoka Dunblane hadi Inverness, karibu kilomita 220. Wapinzani, akiwemo waziri wa wakati huo Danny Alexander, walisema dawa ni kupanua barabara. Siku hizohizo malori yaliruhusiwa kwenda maili 50 kwa saa badala ya 40 kwenye vipande vyembamba, ili wanaoyafuata nyuma wasichoke na kuyapita kwa pupa; kwa hiyo nafuu iliyofuata haikutokana na kamera peke yake. Na mwaka 2022 vifo vilipanda tena kati ya Perth na Inverness, ambako vipande virefu bado havijapanuliwa ingawa ahadi ilikuwa kumaliza mwaka 2025. Kamera haizuii magari mawili kukutana uso kwa uso. Wapinzani walikuwa na hoja kuhusu upana wa barabara. Walikosea kudhani kwamba lazima lichaguliwe moja.

Kwa Tanzania, jamaa wa karibu wa kamera hizi ni kifaa cha VTS ambacho LATRA inakitumia kufuatilia mabasi ya mikoani. Nacho kinaangalia safari nzima. Ndiyo maana wapo wanaokichezea. Ukiwa abiria, kama basi linakimbia kupita kiasi, mwambie kondakta, kisha toa taarifa LATRA au polisi ukiwa na namba ya basi na mahali mlipo.

Jambo moja ambalo maoni haya hayaonyeshi: walioulizwa ni wenye usukani. Duniani, zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki.