Sare ya Askari na Sanduku la Kura



Yametufikia maneno kutoka kwa wenzetu wa Mrima, hasa Bagamoyo mjini na vijiji vya pwani yake, tangu Kaole na Mlingotini hata kuelekea Saadani, ya kwamba chama chetu kikitaka kiti cha Bunge upande ule kimtafute askari mstaafu, mtu aliyekula kiapo na kuvaa sare, na kazi itakuwa imekwisha. Wasemao hivyo wana nia njema, nasi hatuwalaumu. Lakini jambo hili limekwisha jaribiwa na wapinzani wenzetu wa Kenya, tena kwa mtu ambaye heshima yake ilipita ya askari yeyote tunayeweza kumpata leo, naye akashindwa.

Mtu huyo ni Bildad Kaggia. Aliingia katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapelekwa Mashariki ya Kati, kisha Uingereza kwenyewe. Aliporudi kwao hakukaa kimya kama walivyokaa wengi. Alishika uongozi katika vyama vya wafanyakazi, na mwezi wa Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ikamkamata pamoja na Jomo Kenyatta. Wakashitakiwa Kapenguria watu sita, na mwaka 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini. Basi huyu alikuwa askari na mfungwa wa uhuru kwa pamoja. Mtu atataka sifa gani zaidi?

Mwaka 1963 watu wa Kandara, katika nchi ya Murang'a, walimchagua kuwa mjumbe wao, akafanywa waziri mdogo wa elimu. Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kaggia alisema ardhi iliyonyang'anywa na walowezi haifai kuuziwa tena wenyewe kwa mikopo, bali wapewe maskini wasio na shamba na waliotoka vifungoni. Wakubwa hawakuyapenda maneno hayo, na mwaka 1964 akatoka serikalini. Mwaka uliofuata, Kenyatta alikwenda Kandara, na mbele ya umati wa watu akamwuliza Kaggia amejifanyia nini yeye mwenyewe, ilhali wenziwe waliofungwa pamoja naye wana mashamba na majumba.

Tutue hapa kidogo, kwani sisi ni watu wa duka. Mwenye duka hapimwi kwa ghorofa aliyojenga. Hupimwa kwa mizani yake. Kumtia mtu aibu kwa sababu alikaa karibu na hazina asiguse kitu ni kuigeuza dunia kichwa chini miguu juu. Hata hivyo, ndugu zetu, maneno yale yaliingia mioyoni. Mkulima aliyekwisha pata kipande chake na mkopo wake aliogopa kuvipoteza, na aliyekuwa bado hajapata alitumaini kuvipata kwa wenye kuvigawa, wala si kwa mtu aliyefukuzwa.

Mwezi wa Aprili 1966 Oginga Odinga alikihama chama cha KANU, kikaundwa chama cha KPU, na Kaggia akawa miongoni mwa wakubwa wake. Mara katiba ikabadilishwa upesi upesi, ikawa mjumbe aliyehama chama hana budi kukiacha kiti na kwenda kupigiwa kura upya. Uchaguzi ukafanywa mwezi wa Juni. Hesabuni wenyewe: chama chenye umri wa wiki chache, na redio imo mikononi mwa Serikali. Viti vilivyogombewa katika Mabaraza mawili vilikuwa 29, KPU ikapata 9. Kaggia alishindwa Kandara na mtu wa KANU, Taddeo Mwaura. Odinga kwao Bondo alishinda.

Kwa nini huyu ashinde na yule ashindwe, ilhali askari ni yule aliyeshindwa? Odinga alikuwa na watu nyuma yake, waliopangwa kijiji kwa kijiji tangu miaka mingi. Kaggia alikuwa na jina na haki, na vyote viwili vilikuwa kweli, lakini siku ya kura hakuwa na jeshi.

Wako watakaotujibu kwa kumtaja Jakaya Kikwete, aliyekuwa askari na akaingia Bungeni kwa kiti cha Bagamoyo mwaka 1990. Ni kweli. Lakini mwaka ule sanduku lilikuwa la chama kimoja, na aliyeingia aliingia kwa mlango wa chama hicho. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, ikawa askari aliye kazini hana ruhusa ya kuwa mwanachama wa chama chochote, naye akaiacha sare akiwa Luteni Kanali ili aendelee na siasa. Hatumsemi kwa ubaya. Tunasema tu kwamba kule Bagamoyo mashina yalitangulia, naye akayakuta yamesimama.

Kaggia mwenyewe alifungwa tena mwaka 1968 kwa kosa la kufanya mkutano bila ya idhini, na mwaka 1969 akarudi KANU. Wapo wanaomlaumu kwa kurudi kule. Sisi hatuoni haki ya kumlaumu mtu aliyeachwa peke yake muda wote huo. Uzeeni alikuwa akiendesha kinu cha kusaga mahindi, na alifariki mwaka 2005 bila ya utajiri.

Basi matawi ya Mrima yasituletee kwanza jina la mstaafu. Yatuletee daftari la wanachama waliolipa ada, na majina ya mawakala watakaokaa kituoni tangu asubuhi mpaka kura zihesabiwe, kijiji kwa kijiji. Daftari la Mlingotini tunalingoja hata leo.