Neno la Mwalimu: Nani Amelegeza?



Kwenye kikao cha mwezi uliopita mzee mmoja alisimama akasema sisi walimu tumelegeza sana. Zamani, alisema, msichana akibeba mimba anakaa nyumbani, wenzake wanapata funzo. Leo mnataka kumrudisha darasani, kesho watabeba wote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana ni mzee wangu, kumjibu mbele za watu ingekuwa aibu. Namjibu hapa kwa heshima.

Mzee, ukali huo hapa Burundi umeshajaribiwa. Mwaka 2017 Rais Nkurunziza alitaka wote wanaoishi pamoja bila ndoa wafunge ndoa kabla mwaka haujaisha, ili tabia nzuri zirudi. Halafu mwezi wa 6 mwaka 2018 ikatoka barua ya Wizara ya Elimu, kwa shule zote, za Gitega na za huku kwetu Muyinga: msichana aliyebeba mimba hana tena haki ya kusoma shule ya kawaida, labda akajifunze ufundi. Na mvulana aliyempa mimba vilevile. Kwenye karatasi ni sawasawa kabisa. Lakini tumbo linaonekana, mvulana haonekani! Anakana tu, basi. Na kama ni mtu mzima asiyesoma, barua haimgusi hata kidogo. Mwezi wa 7 wizara yenyewe ikairudisha nyuma. Tanzania nao walifukuza wasichana miaka mingi, mpaka mwezi wa 11 mwaka 2021 serikali ikatangaza warudi shuleni wakishajifungua.

Sisemi mimba ni kitu kizuri. Wanafunzi wangu wanajua ninavyowakaripia.

Ila kuna mmoja, jina silitaji, aliacha shule mwaka jana akiwa na miaka 16. Asubuhi akienda bombani na mtoto mgongoni anasimama kidogo dirishani kwetu, anasoma ubao. Siku moja niliuliza hesabu ya sehemu, darasa zima kimya, jibu likatoka dirishani. Watoto walicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Yule kijana je? Wazee wa pande mbili walikaa, wakakubaliana mbuzi wawili na kreti moja ya bia, mambo yakaisha. Kila jioni yuko uwanjani anacheza mpira, na sisi tunamshangilia. Hakuna aliyemwita kwenye kikao, hata yule mzee wangu. Sasa hapo, tuseme ukweli, nani amelegeza?

Kikao kingine ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya hangari. Nimemwomba mama wa binti aje, nikamwomba na baba wa kijana. Mama amekubali. Baba anasema ana kazi shambani.