Akili ni Mali: Mkalimani, Mfasiri na Amri ya Saba



Vijana wetu waliotoka mashuleni huulizana: kunakili programu ya kompyuta kwa rafiki, bila kulipa, ni dhambi au si dhambi? Swali hilo si geni. Lilileta ugomvi huko Marekani tangu mwaka 1976, kompyuta ndogo zilipokuwa changa. Tuwatazame waliotutangulia.

Kwanza yatupasa kujua programu ni kitu gani. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Yajua tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kompyuta ndogo za siku zile zilishika tarakimu nane kwa mara moja, ndiyo maana zaitwa za biti nane. Kuiandikia mashine tarakimu tupu ni kazi ya kuchosha, na kosa moja laweza kuharibu yote. Basi wataalamu walitunga lugha za katikati, zilizo rahisi kwa mtu, kisha wakatengeneza programu za kuzigeuza ziwe tarakimu.

Wageuzaji hao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kama katekista asimamaye karibu na Padre mgeni wakati wa mahubiri. Padre asema sentensi moja, katekista aigeuza, ndipo ifuate nyingine. Huyo ni mkalimani. Padre akirudia neno lile lile mara mia, katekista naye aligeuza mara mia. Wa pili ni kama mtu aliyechukua kitabu kizima akakifasiri, kikapigwa chapa. Tangu hapo kila mtu hukisoma upesi bila kumngoja mfasiri. Mashine za biti nane nyingi zilianza na mkalimani, kwa kuwa mfasiri alitaka nafasi kubwa. Kumbukumbu yake mashine kwa kawaida haikupita herufi 65,536, yaani kama kurasa thelathini za taipu. Humo akae mfasiri, na maandishi, na tafsiri yake!

Mwaka 1975 ilitokea kompyuta iitwayo Altair 8800, iliyouzwa vipande vipande, mnunuzi aiunge mwenyewe. Bill Gates na Paul Allen, pamoja na mwenzao Monte Davidoff, waliitungia mkalimani wa lugha ya BASIC. Watu wakampenda, wakamnakili, wakagawana bure. Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi. Alilalamika kuwa huo ni wizi, na kwamba katika wenye Altair kumi hakufika hata mmoja aliyenunua.

Wengine walishika njia ya pili. Huko California, Dennis Allison na wenzake wa People's Computer Company walieneza mpango wa BASIC ndogo, ili yeyote aweze kujitengenezea. Mei 1980, Ron Cain alichapisha katika gazeti la Dr. Dobb's Journal mfasiri wa sehemu ya lugha ya C, aitwaye Small-C, mstari kwa mstari. Aliyemtaka aliketi akamnakili kwa vidole vyake. Angalieni tofauti: hapa mwenye mali ndiye aliyetoa. Zawadi si wizi.

Tena ikaja njia ya tatu. Niklaus Wirth wa Uswisi alikuwa ametunga lugha akaiita Pascal, kwa heshima ya Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, aliyebuni mashine ya kujumlisha mwaka 1642 ili amsaidie baba yake hesabu za kodi. Wafasiri wa lugha hiyo waliuzwa kwa mamia ya dola, nao walikuwa wazito. Anders Hejlsberg, kijana wa Denmark, akamtengeneza mfasiri mwepesi ajabu, aliyekaa katika kumbukumbu ile ndogo pamoja na chombo cha kuandikia. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilimuuza kwa jina la Turbo Pascal, kwa dola 49.95 tu. Watu wengi mno walinunua. Baadaye kampuni iliandika katika masharti yake kwamba programu itumiwe kama kitabu: yaweza kupita mkono kwa mkono, mradi watu wawili wasiitumie mahali pawili kwa wakati mmoja.

Twajifunza nini? Amri ya Saba ina pande mbili. Mnunuzi asichukue jasho la mwenzake kwa kuwa tu halionekani kwa macho. Mwenye kukesha miezi akitunga programu amefanya kazi kama alimaye shamba. Lakini muuzaji naye asiweke bei ya kumkomoa maskini. Bei ya haki ilimpa Borland wanunuzi wengi, na wanunuzi wakapata chombo bila kuiba.

Basi kijana, kabla ya kunakili, soma masharti ya mwenye programu. Akikataza, nunua au uache. Tena usiseme umaskini wakulazimisha, kwa maana leo ziko nyingi zitolewazo bure na wenyewe. LibreOffice yatosha kwa barua na hesabu za nyumba au za kigango, na Free Pascal ni mfasiri mwema kwa atakaye kujifunza. Hizo nakili, mpe na jirani, wala moyo wako usikusute.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia