Sokwe wa Kizuizini Anadai Zaidi ya Shibe

Wako watu wema wanaoamini kwamba mnyama akishapewa chakula cha kutosha, maji safi na banda lisilovuja, haki yake imetimia. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga hapa, tena naipinga nikijua kuwa wenye nayo hawana nia mbaya. Sokwe, gorila, nyani, kima na tumbili wameumbwa watafute, wachague na waishi na wenzao. Anayewafungia bila kuwapa nafasi ya kuyafanya mambo hayo anawadhulumu, hata kama wamenenepa na manyoya yao yanang'aa.

Tuwatazame kwanza wakiwa kwao. Sokwe wa msituni hutumia karibu nusu ya mchana kutafuta chakula na kula. Hana budi kukumbuka mti upi unakaribia kuivisha matunda, na akifika, ajue nani amemzidi cheo na nani wa kumpisha. Mwaka 1960, katika msitu wa Gombe mkoani Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka ubua wa nyasi ndani ya kichuguu, akingoja mchwa waung'ate, kisha akiuchomoa na kuwala mmoja mmoja. Wengine walivunja vitawi na kuvipukutisha majani kwanza ili vipenye vizuri. Jioni kila mmoja hujitandikia kitanda kipya cha matawi juu ya mti. Kundi lao nalo halishikamani kutwa nzima: huachana asubuhi, hukutana mchana, na wakubwa hupatana baada ya kugombana. Sasa mchukue kiumbe mwenye akili ya namna hiyo, umtie katika chumba cha saruji, umletee ndizi asubuhi na jioni. Ndizi atazimaliza kwa dakika chache. Saa zote zilizobaki azifanyie nini?

Anachozifanyia kimeonekana katika vizimba vya dunia nzima. Huketi akijitikisa mbele na nyuma, hujing'oa manyoya mpaka ngozi ikabaki wazi, hujiuma mikono, huchezea kinyesi chake na kukila. Gorila wengi wa kwenye bustani za wanyama wana desturi ya kutapika chakula na kukila tena, jambo ambalo wenzao wa porini, wanaoshinda wakitafuna majani, hawajulikani kulifanya. Walezi walipowapa matawi mabichi ya kubambua na kutafuna, desturi hiyo ilipungua. Ugonjwa unaotulizwa na matawi mabichi si wa tumbo peke yake. Umetokana na siku isiyokuwa na shughuli.

Upweke nao una ushahidi wake, na ulipatikana kwa njia ya kuhuzunisha. Nchini Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, mtaalamu Harry Harlow aliwatenga watoto wa kima wa Asia na viumbe wenzao kwa miezi sita, wengine kwa mwaka mzima. Walikula, wakakua, lakini walipotolewa walijikumbatia wenyewe na kujitikisa pembeni, hawakujua kucheza wala kujitetea. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Stephen Suomi waliwaweka baadhi ya waliotengwa pamoja na watoto wa kima wadogo zaidi, waliolelewa vizuri. Wadogo hao wakawang'ang'ania, wakawachokoza, wakawavuta michezoni, na wale waliotengwa wakapata nafuu kubwa. Binafsi naona haikustahili kuwaharibu watoto wale ili tujue jambo hili. Maadamu limejulikana, hakuna tena mwenye udhuru wa kumfuga kima mmoja peke yake. Sheria ya Marekani yenyewe, iliporekebishwa mwaka 1985, iliwalazimisha wenye maabara na bustani kuweka mazingira yanayolinda hali njema ya nafsi za wanyama hawa.

Kwetu, kazi hii inafanyika vizuri mahali kadhaa. Kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, kimekuwa makazi ya sokwe yatima tangu mwaka 1998. Msitu wake wa eka mia moja hivi hauwezi kuwalisha wote, kwa hiyo huongezewa chakula, lakini mchana huranda msituni, hupanda miti na hujichagulia wa kuandamana naye. Sweetwaters, huko Laikipia nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1993 kuwapokea sokwe waliohamishwa kutoka Bujumbura wakati Burundi ilipoingia vitani. Nafasi kubwa kama hizo si kila kituo kinazo. Hata hivyo palipo padogo pana mengi ya kufanya: kutawanya mbegu kwenye nyasi ili zitafutwe, kupaka asali ndani ya gogo lililotobolewa, kuleta matawi ya kutandika, kufunga kamba za kurukia, kuweka pembe ambapo mnyonge anaweza kumkwepa mbabe, na ambapo mnyama yeyote anaweza kujificha asitazamwe na wageni. La muhimu ni kubadilisha. Tairi lililoning'inizwa miaka mitatu iliyopita halimchangamshi tena yeyote. Limekuwa sehemu ya ukuta.

Najua mtu atauliza: binadamu wana njaa, nasi tuhangaike na michezo ya nyani? Nami namjibu kwamba mbegu za kutawanya ni zilezile ambazo zingemiminwa bakulini. Kinachoongezeka ni jitihada ya mlezi, si gharama ya chakula. Mwingine atasema porini kuna chui, maradhi na njaa, na kizimbani kuna amani. Ni kweli, lakini kumwondolea mtu hatari si ruhusa ya kumwondolea kila kitu kingine. Wa tatu atadai kuwa aliyezaliwa au kukulia kizimbani amekwisha kusahau, hana anachokosa. Huyo na atazame Rubondo, kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria hilohilo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilifungulia huko sokwe wapatao 17 waliotoka katika bustani na sarakasi za Ulaya, bila kuwafunza lolote. Mwanzo ulikuwa mgumu, na baadhi yao waliwashambulia watu. Lakini walijitafutia chakula, wakajenga vitanda mitini, wakazaa, na wazao wao wangali kisiwani. Miaka ya kizimbani haikuwa imewafutia usokwe wao.

Hoja yenye uzito kwangu kuliko zote ni ya wale wanaosema kwamba kupamba kizimba ni kuhalalisha kizimba. Wana haki ya kuogopa hilo. Iwapo kamba na asali zitatumika kumridhisha mgeni aliyelipa kiingilio, huku watoto wa sokwe wakiendelea kuporwa na mama zao wakiuawa msituni, basi tutakuwa tumeshiriki dhambi. Lakini yatima wa Ngamba hawezi kurudishwa kesho asubuhi: msitu wa kumpokea ni haba, sokwe wa porini hawapendi wageni, na huenda akaishi miaka hamsini. Tusimwadhibu kwa uovu aliotendewa. Atengenezewe maisha yenye shughuli, na wakati huohuo biashara iliyomleta ivunjwe. Ngamba wanawapa majike dawa za kuzuia mimba ili vizimba visizae wafungwa wapya, na huo ndio mfano wa kufuatwa.

Basi msomaji, utakapokwenda kwenye bustani ya wanyama, usitazame unono tu. Hesabu kima wangapi wako pamoja, tazama kama wana cha kufanya, na umwulize mlezi jana aliwapa nini tofauti na leo. Pale utakapokuta tumbili amefungwa mnyororo kiunoni mlangoni pa hoteli au nyumba ya jirani, usimpigie picha wala kumrushia karanga, kwa maana karanga yako ndiyo inayomlipa mwenye mnyororo. Toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori.