Mchezo wa bure, jina la wengine: kwa nini Nintendo ilifunga kazi za mashabiki

Mwezi wa nane 2016, michezo miwili ya video ilitoka kwenye intaneti, yote ya bure. AM2R ilikuwa kazi ya Milton Guasti wa Argentina, aliyetengeneza upya Metroid II, mchezo wa zamani wa Nintendo. Pokémon Uranium, nao, mashabiki waliufanyia kazi miaka 9, na watu wakaupakua zaidi ya mara milioni 1,5. Hakuna aliyelipa hata franga moja. Lakini ndani ya siku chache, wanasheria wa Nintendo walidai tovuti zilizoweka michezo hiyo ziitoe.

Vijana wengi watauliza: kama mtu amegawa bure, kosa iko wapi? Ni swali la haki. Ila sheria haianzie kwa pesa, inaanzia kwa ruhusa. Picha, muziki na wahusika wa mchezo viko na haki za mtunzi. Jina ni jambo lingine: ni marke, na kazi ya marke ni kuonyesha kitu kimetoka kwa nani. Mtu akiona jina Pokémon, anafikiri Nintendo ndiyo imetengeneza. Na bure nayo inaweza kuharibu soko. Mwaka 2017 Nintendo yenyewe ilitoa Metroid II mpya, ya kuuza.

Mtu wa Bukavu ao Bunia anayejifunza kutengeneza michezo ya simu asifikiri mambo haya ni ya Ulaya tu. Congo iko na sheria ya marke tangu 1982, na ya haki za mtunzi tangu 1986.

Kampuni zote hazifanye sawa. Sega ilimwita Christian Whitehead wa Australia, aliyeanza na michezo ya mashabiki wa Sonic, na akaongoza kazi ya Sonic Mania ya 2017. Hiyo ni bahati, si haki ya kudai. Njia yenye usalama zaidi ilifuatwa na watengenezaji wa Freedom Planet. Nao walianza na Sonic, kisha wakatoa wahusika wa Sega, wakaweka wao wenyewe, na 2014 wakauza mchezo wao bila kusumbuliwa. Kukimbia na kuruka ndani ya mchezo, hakuna anayemiliki.

Guasti, yeye, aliajiriwa baadaye na Moon Studios, kutengeneza Ori and the Will of the Wisps. Safari hii, kwa mshahara.